Moketi ya gari la zamani iliyowekwa vibaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanawahusu wanaotengeneza upya Peugeot 404 na 504, Volkswagen Coccinelle, Mercedes W123 na Land Rover za zamani hapa Lubumbashi: injini imeshapona, rangi inang'aa, lakini ukifungua mlango moketi, yaani zulia la sakafuni, imekunjamana, kingo zimeachia, na gari linanuka ukungu kila mvua ikinyesha. Majibu yote yanarudi kwenye jambo moja tunalolishikilia: moketi ya sakafu lazima iweze kutoka na kurudi bila kuchanika. Mji unaopata mvua kuanzia Novemba hadi Machi na vumbi jekundu miezi inayofuata hauna nafasi ya moketi iliyobandikwa moja kwa moja juu ya bati.

Nitajuaje kama ni kazi mbaya au ni uchakavu tu?

Uchakavu hukaa pale miguu inapokaa: chini ya kisigino cha dereva, mbele ya kiti cha abiria, kwenye kizingiti cha mlango. Kazi mbaya huonekana hata mahali pasipokanyagwa. Tazama nundu ya katikati: mikunjo inayokimbia kutoka kwenye gia kuelekea nyuma ina maana kipande kimoja kililazimishwa kufuata umbo lenye pande mbili za kupinda bila kukatwa wala kushonwa. Tazama rangi: ikiwa upande wa kulia unaonekana mweusi zaidi ya wa kushoto na moketi ilitoka kwenye roli moja, manyoya yamelala pande tofauti. Doa gumu linalong'aa ni kole (gundi) iliyopenya hadi juu kwa sababu ilimwagwa nyingi.

Kisha ingiza mkono chini. Ukikuta unga wa sponji, fundi alitumia moketi ya nyumba. Ukikuta unyevu, acha kuwaza moketi kwanza. Nenda kwenye swali la maji.

Je, naweza kurekebisha sehemu iliyoharibika tu?

Ndiyo, katika hali mbili tu: ukingo umeachia lakini moketi haijachanika, au kipande kimoja cha sakafu ni kibovu na bado una mabaki ya roli ileile. Moketi mpya ya rangi "inayofanana" haitafanana, kwa sababu ile ya zamani imeshafifishwa na jua. Kwenye hali nyingine zote, vua yote. Fundi aliyekosea kwenye nundu hakuishia hapo. Chini ya kiti utakuta mengine.

Nianze wapi kuvua bila kuvunja vitu?

Toa waya hasi wa betri. Kwenye Coccinelle betri iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Funika vichwa vyake kwa mpira kabla ya kupitisha kifaa chochote cha chuma hapo. Piga picha ya kila kona kwa simu, na picha za bolti zikiwa bado mahali pake. Toa viti, kisha mikanda, vizingiti vya milango, kifuniko cha gia, na mwisho pedali ya mafuta ikiwa imefungwa sakafuni. Kila kundi la bolti liingie kwenye mfuko wake wenye jina. Bolti za viti na za mikanda hazichanganywi kamwe, hata zikionekana sawa.

Bolti iliyoshikwa na kutu isilazimishwe. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu juu, na chini ya gari ikiwezekana, acha usiku mzima, kisha isukume mbele na nyuma kidogo kidogo. Nati iliyochomelewa chini ya sakafu ikivunjika, umejiongezea siku nzima ya kazi.

Moketi mbovu usiitupe. Hata ikiwa imekatwa vibaya, inakuonyesha matundu ya bolti yako wapi.

Kole ya zamani inatokaje kwenye bati?

Kwa joto na uvumilivu. Pasha sehemu ya ukubwa wa kiganja kwa mashine ya kupuliza hewa moto mpaka kole ilainike, kwangua kwa kikwangulio cha plastiki, songa mbele. Cha chuma huacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni mlango wa kutu. Utando unaobaki futa kwa kitambaa chenye waiti-spiriti. Asetoni inakula rangi ya gari pia, kwa hiyo iweke mbali na vizingiti na nguzo za milango.

Petroli hapana. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia ndani ya sakafu kama maji ndani ya beseni, na cheche ya swichi inatosha. Vivyo hivyo, mbabula (jiko la makaa) isiwepo karibu na gari siku ya kuvua wala siku ya kubandika.

Zile pedi nyeusi za lami zilizowekwa kiwandani, kama zimeshika imara pande zote, ziache. Toa zilizopasuka au zinazotoa sauti ya utupu ukizigonga, maana chini yake maji yameshaingia.

Nimekuta maji chini ya moketi. Yanatoka wapi?

Hapa ndipo kazi nyingi za marudio hufa. Mtu anaweka moketi mpya mwezi wa nane, kila kitu kikavu, anasifiwa. Mwezi wa kumi na mbili gari linanuka tena. Moketi haikuwa na kosa.

Njia za maji ni chache na zinajulikana. Ya kwanza ni mpira wa kioo cha mbele: maji hushuka ndani ya nguzo, hupita nyuma ya dashibodi na kutokea kwenye miguu, mbali kabisa na yalipoingilia. Ya pili ni tundu la kutolea maji chini ya vipulizo vya hewa, mbele ya kioo. Gari linalolala chini ya mjakaranda hujaza tundu hilo maua na majani kabla hata mvua hazijaanza, na maji yakikosa pa kutokea huingia kwenye mfumo wa hewa na kumwagikia sakafuni. W123 ina mfereji huo. Usafishe kila mwaka.

Ya tatu husahaulika kuliko zote. Ndani ya kila mlango, nyuma ya ubao wa skai (ngozi ya bandia), kuna karatasi ya plastiki. Maji yanayoteleza kwenye kioo cha mlango huingia ndani ya mlango kila mvua, na hiyo ni kawaida. Hutokea kwenye vitundu vya chini. Plastiki hiyo ndiyo inayoyazuia yasije upande wa abiria. Fundi wa redio akiikata ili kuweka spika kubwa, au ikiachwa wakati ubao mpya unashonwa, maji hupita juu ya kizingiti na kuingia chini ya moketi. Plastiki nene ya kawaida, iliyobandikwa kuzunguka kwa kamba ya butili (mpira laini unaonata), inamaliza tatizo. Hakikisha pia vitundu vya chini ya mlango havijazibwa na rangi mpya.

Halafu kuna matundu ya ukuta wa injini, pale waya, nyaya za kabureta na mabomba hupita. Kwenye gari lililobadilishwa injini, matundu ya zamani mara nyingi yameachwa wazi au yamejazwa sponji.

Kupima: moketi ikiwa nje, mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji taratibu kwa mpira wa bustani, akianzia chini kwenda juu, dakika 5 kila mahali. Ukianzia paani hutajua tundu ni lipi, kwa sababu maji yatapita kote. Paka poda ya mtoto kwenye bati kavu. Tone la kwanza litachora njia yake lenyewe.

Majimaji yakiwa na utelezi na harufu tamu, hayo si ya mvua; ni ya mfumo wa kupoza injini, yanatoka kwenye radieta ndogo ya kupasha joto. Yakiwa chini ya pedali na yamebabua rangi, ni mafuta ya breki. Gari hilo lisiendeshwe mpaka yajulikane yanatoka wapi.

Kutu nikikuta, nifunike au nikate?

Chukua bisibisi, sukuma kwa nguvu ya kawaida. Ikipita, bati limeisha: kata hadi kwenye chuma kizima na uchomelee kipande kipya. Kubandika bati jipya juu ya lililooza hufungia kutu katikati. Isipopita, sugua kwa brashi ya waya mpaka magamba yaishe, paka dawa ya asidi ya fosforiki, suuza au futa kama chombo kinavyoelekeza, kausha, kisha rangi ya msingi ya epoksi tabaka 2. Mastiki ya kuziba viungo huwekwa juu ya rangi ya msingi, si juu ya chuma kitupu. Malizia kwa rangi ya juu, uache ikauke kabisa kabla ya kitu kingine. Rangi ikinuka bado, haijakauka, na kole ya moketi itaiinua.

Niweke nini cha kuzuia sauti na joto, na kiasi gani?

Vitu viwili vyenye kazi mbili tofauti. Karatasi ya butili yenye alumini, unene wa mm 2, inazuia bati lisitetemeke. Haihitaji kufunika kila sentimita. Weka katikati ya kila eneo pana la bati, nusu ya eneo inatosha. Sakafu ya gari dogo pamoja na ukuta wa injini ni kama mita 4 za mraba, hivyo mita 2 za mraba za butili zinafaa. Kufunika yote ni kuongeza kilo kadhaa bila faida inayosikika. Ikandamize kwa rola mpaka alama za alumini zilale. Pasipolala pana hewa, na hewa hukusanya unyevu.

Juu yake weka sponji ya vijishimo vilivyofungwa, mm 5 hadi 8, ile isiyonywa maji. Ijaribu dukani: bonyeza kipande ndani ya maji, kitoe, kikamue. Kikitoa maji, kirudishe. Felti ya nguo inatuliza sauti vizuri, na ndiyo iliyokuwa kwenye magari mengi haya yakitoka kiwandani, lakini ikilowa hukaa na maji wiki nzima.

Mahali bomba la moshi linapopita karibu na sakafu, hasa kwenye gari lililobadilishwa injini, kinga ya joto ianzie nje: bati la alumini lenye nafasi ya angalau sm 1 kati yake na sakafu. Ukitegemea sponji peke yake, kole italainika na harufu itakuja ndani.

Moketi ya nyumba inayouzwa sokoni inafaa?

Yenye sponji mgongoni, hapana. Haipindi kwenye nundu, sponji yake hunywa maji, na ndani ya miaka michache huwa unga. Tafuta moketi yenye mgongo mwembamba unaopinda: kunja kipande kuwa pembe kali; mgongo ukionekana mweupe kati ya nyuzi, kitaonekana hivyo pia kwenye nundu. Nailoni huvumilia visigino kuliko polipropilini. Polipropilini haishiki madoa kirahisi, ila ikilala hailamki. Kwa vumbi letu, nyuzi fupi za vitanzi ni rahisi kusafisha kuliko zile ndefu zilizokatwa, ingawa kitanzi kimoja kikivutwa kinaweza kufumua mstari mzima.

Ninunue mita ngapi?

Kwa gari la milango minne, roli la upana wa mita 2: mita 3 kwa ndani, mita 4 ukiongeza sehemu ya mizigo. Roli la mita 1.5: mita 4, au 5 na nusu pamoja na mizigo. Hesabu hii inazingatia kwamba vipande vyote vitakatwa manyoya yakielekea upande mmoja. Ukanda wa skai wa kingo, upana wa sm 4, mita 12.

Nikate vipi ili isikunjamane tena?

Usikate moketi kwanza. Kata karatasi. Karatasi nene ya kahawia, au ya mifuko ya saruji iliyofutwa vizuri, ilazwe sakafuni, ishikwe kwa utepe wa karatasi, ifuatishwe umbo kwa kidole. Kila kiolezo kiandikwe: jina la kipande, mbele iko wapi, mstari wa katikati, na mshale wa manyoya. Kosa la kawaida ni kugeuza kiolezo juu chini na kukata miguu miwili ya kushoto.

Hamishia kwenye mgongo wa moketi kwa chaki, ukikumbuka kwamba ukichora mgongoni kiolezo lazima kilale kifudifudi. Ongeza sm 3 kila upande. Ziada hiyo ndiyo itakayookoa kazi.

Nundu ndiyo inaamua kila kitu. Ianze hiyo, halafu ukuta wa injini, vizingiti, matao ya magurudumu, na sakafu mwisho ili kingo zake zilale juu ya vingine. Pale nundu inapopanuka kuelekea injini, moketi itakusanya nyama ya ziada. Usiisukume ikalala: ibane kwa vidole mpaka ifanye pembetatu, chora mistari yake miwili, kata, kisha shona kingo zikikutana bila kupandana, ukiweka ukanda wa kitambaa kigumu nyuma. Pembetatu mbili ndogo, kushoto na kulia, huficha vizuri kuliko moja kubwa katikati. Mshono uwe chini ya kiti au chini ya dashibodi kadiri inavyowezekana.

Kushona, cherehani ya nguo za kawaida itashindwa. Mpelekee fundi wa viti au wa mabegi mwenye mashine nzito: sindano namba 110 au 120, uzi wa nailoni au poliesta usio wa pamba, hatua ya mm 4 hadi 5. Hatua fupi zaidi hutoboa ukanda wa skai kama stempu na utachanika hapo. Uzi wa pamba huoza kwa unyevu.

Jaribu vipande vyote vikavu, vitu vyote vikiwa ndani, kabla ya kushona kingo.

Nimenunua moketi iliyofinyangwa ya gari langu lakini haikai.

Ilikunjwa safarini. Itandaze kwenye jua kwa muda wa saa mbili au tatu, uso juu, kisha iingize ikiwa bado na joto, ukianzia kwenye nundu kwenda nje. Mgongo wake wa plastiki hulainika kwa hewa moto; pasha mgongo, kamwe usipashe nyuzi kwa karibu, zitayeyuka. Shikilia kwa mifuko ya mchanga mpaka ipoe. Usikate tundu lolote siku hiyo. Ilale usiku mmoja ndani ya gari, itajisogeza.

Nitumie kole gani, na wapi?

Kole ya kontakti ya neoprini, ya jamii ile wanayotumia washona viatu, lakini soma kopo: iwe ya kuvumilia angalau nyuzi 80. Gari lililofungwa juani mwezi wa kumi hupita nyuzi 60 kwenye dashibodi, na kole dhaifu ya kupuliza huachia nundu kwanza.

Paka pande zote mbili, tabaka jembamba. Mgongo wa moketi hunywa, kwa hiyo upe tabaka la pili. Subiri dakika 10 hadi 20, mpaka kidole kiguse bila kuvuta uzi. Kubandika mapema hufungia kiyeyusho ndani, na hapo ndipo mapovu hutoka. Asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba, subiri jua lipande. Chini ya nyuzi 15 kole haikamati vizuri. Lita 1 hutosha kama mita 2 za mraba ukihesabu pande zote mbili. Nunua lita 2. Milango yote wazi wakati wa kazi.

Kole ni ya nundu, vizingiti, matao na ukuta wa injini. Vipande vya sakafu vishikwe kwa vifungo vya kubana au kamba za kunata, na uzito wao wenyewe. Kwenye Land Rover za zamani jambo hili halina mjadala: mabamba ya sakafu hufunguliwa ili kufikia gia, na moketi iliyobandikwa juu yake itachanwa na fundi wa kwanza.

Matundu ya bolti nayatoboaje?

Si kwa drili. Uzi mmoja ukijisokota kwenye ncha, unafumua mstari kutoka kwenye kiti hadi mlangoni kwa nukta moja. Tafuta tundu kwa sindano ndefu kutoka chini au kwa kugusa, kata msalaba mdogo kwa wembe, au choma kwa ncha ya chuma cha kulehemu waya; nyuzi za plastiki huyeyuka na kujifunga. Skrubu mpya isipite sakafuni kabla hujalala chini ya gari na kuona bomba la breki, la mafuta na waya ziko wapi.

Baada ya moketi mpya, gia zinakwaruza. Kuna uhusiano?

Upo. Sponji ya mm 8 na moketi ya mm 10 chini ya pedali ya embreyaji (klachi) zinaweza kuizuia isifike mwisho, basi embreyaji haiachii kabisa. Ondoa sponji eneo lote la mwendo wa pedali. Sukuma kila pedali mpaka mwisho kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, kisha rudia na tapi la juu (mkeka unaolazwa juu ya moketi) likiwa mahali pake. Pedali ya mafuta iliyokanyagwa yote lazima irudi yenyewe ukiiachia ghafla. Ikigusa nyuzi hata kidogo, punguza moketi hapo hapo. Hili halisubiri kesho.

Viti na mikanda virudishwe vipi?

Anza kila bolti kwa vidole, mizunguko mitatu kabla ya spana. Miguu ya mikanda ishike chuma kwa chuma: kata moketi na sponji kuzunguka, kwa sababu kitu laini chini ya bolti hushuka polepole na bolti hulegea. Reli za viti vilevile. Baada ya wiki mbili za kuendesha, pitia bolti zote tena.

Na waya?

Zipite kando ya kizingiti, ndani ya mrija, kamwe si chini ya kisigino. Kiungo cha waya chini ya moketi hakiruhusiwi. Waya wa kikuza sauti uwe na fyuzi karibu na betri, kwa sababu ukibanwa na reli ya kiti utaungua chini ya moketi kabla hujaona moshi.

Gari lilihamishwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto. Moketi ya kiwandani itafaa?

Kwa nyuma ndiyo, kwa mbele mara nyingi hapana: pedi ya kisigino na matundu ya pedali yako upande usiofaa. Tengeneza vipande vya mbele kwa kiolezo. Kabla ya hapo, angalia matundu ya zamani ya usukani na pedali kwenye ukuta wa injini. Yazibwe kwa bati lililochomelewa na mastiki pande zote mbili, maana sponji na utepe haviwezi kuzuia maji wala mvuke wa injini.

Nikabidhiwe kazi, nikague nini kabla ya kulipa?

Omba picha za bati likiwa tupu na likiwa limepakwa rangi. Inua kipande cha sakafu cha dereva mwenyewe. Kikikataa kutoka, kimebandikwa. Pitisha kiganja kwenye nundu mbele na nyuma, mikono ikisikia manyoya yakilala upande mmoja. Vuta mikanda kwa nguvu. Sukuma kiti mbele na nyuma hadi mwisho, kisikwame kwenye moketi. Kanyaga pedali zote. Kisha mwage ndoo mbili za maji kwenye kioo cha mbele na kila mlango, subiri nusu saa, inua moketi tena, na uguse bati kwa mkono mkavu.